Waya wa Kurudi

Kama umewahi kupanga geto lenye vyumba vingi, utakuwa unaijua sabufa ya jirani kuliko unavyomjua jirani mwenyewe. Unajua inavyonguruma hata kabla hajaweka wimbo. Unajua kwamba akichomeka chaja ya laptopu mngurumo unapanda, akiichomoa unashuka. Na simu yake ikikaribia kuita, wewe uliye chumba cha pili unajua kabla yake, maana spika inaanza ule mlio wa ti-ti-ti, ti-ti-ti.

Ukimuuliza, atakwambia imezeeka tu. Fundi wa mtaani atamwambia aisii imekufa, lete hela. Hela inatoka, aisii inabadilishwa, wiki mbili hazijaisha mngurumo umerudi palepale. Hapo ndipo watu huanza kusema vifaa vya siku hizi feki.

Mimi nasoma uhandisi wa umeme mwaka wa tatu, na nyumbani ni Makambako. Kabla hujasema "basi wewe unajua", subiri kwanza. Likizo ndefu ya mwaka wa kwanza niliunguza aisii nne, daiodi nne na spika moja ya inchi kumi ambayo haikuwa yangu. Hiyo spika niliilipa kwa bumu la semista iliyofuata, na nilikula maharage mpaka mwenye kibanda akawa ananipakulia bila kuniuliza. Haya ninayoandika niliyanunua kwa bei hiyo, kwa hiyo nayagawa bure.

Wengi wenu Makambako mmeipita mkiwa mmelala kwenye basi. Ndipo barabara ya Njombe na Songea inapoachana na ile kuu ya kwenda Mbeya na Tunduma, na reli ya TAZARA nayo inapita hapo hapo. Malori ya Zambia na Kongo, mabasi, bajaji, bodaboda, mikokoteni ya viazi, vyote vinakutana pale. Mjomba wangu ana kibanda cha ufundi wa redio si mbali na njia panda. Mezani kwake kuna mita moja ya mshale aliyoirithi, mita moja ya namba asiyoiamini, na kipande cha shaba chenye mpini wa mti ambacho hukipasha kwenye jiko la mkaa umeme ukikatika, akaendelea kuchomelea kama hakuna kilichotokea.

Kwetu amplifaya ya kuunda kwa mkono ni biashara ya kila siku. Sabufa ya dukani ikifa, boksi lake hubaki zima, na hata lisipobaki, mbao za paini kutoka Njombe zimejaa. Mtu anakuja anasema, fundi, niwekee mashine nyingine humu. Kwaya inataka, kibanda cha mpira kinataka, wenye kilabu cha ulanzi wanataka, na kwenye msiba ndiyo usiseme. Nilikwenda pale nikiwa na maksi nzuri za somo la saketi. Mjomba alinitazama akasema, "Haya mjomba, unda moja." Kwetu mjomba na mpwa huitana mjomba wote wawili, kwa hiyo ukikaa pembeni huwezi kujua nani anamfundisha nani. Mimi nilidhani ninajua.

Tuanze na jambo ambalo hata darasani huwa linapita haraka. Watu hufikiri amplifaya inaichukua sauti ya simu na kuinenepesha. Haiinenepeshi. Inachukua umeme wa TANESCO, inaugeuza kuwa DC na kuuweka kwenye kapasita kama maji kwenye simtanki, halafu inaufungulia kwenda kwenye spika kwa kufuata umbo la ile sauti ndogo. Sauti ya simu ni mkono unaoshika koki, maji yenyewe ni ya TANESCO. Ndiyo maana uchafu wowote ulio kwenye simtanki utausikia kwenye spika, hata kama koki ni mpya.

Koki niliyoitumia ilikuwa aisii ya TDA2030, ambayo utaikuta kwenye sabufa nyingi ndogo na kwenye kila duka la vipuri. Ina miguu mitano. Wa kwanza unaingiza sauti, wa pili unapokea marejesho, wa tatu ni umeme hasi, wa nne unakwenda kwenye spika, wa tano ni umeme chanya. Karatasi ya kiwanda inakupa saketi kamili: rezista ya kilo-omu 22 na ya omu 680 ndizo zinazopanga ukuzaji. Gawa 22,000 kwa 680, ongeza moja, unapata mara 33 na ushee. Kumbuka hiyo 33, maana itaturudia.

Umeme wake ni transfoma ya 12-0-12, daiodi nne, na kapasita mbili kubwa. Volti 12 za AC zikishapita kwenye daiodi na kujaa kwenye kapasita zinakuwa 16 hivi, chanya upande mmoja na hasi upande mwingine, na katikati kuna sifuri. Sifuri hiyo ndiyo mafundi huiita graundi. Hapa niliunguza aisii ya kwanza bila hata kuigusa. Transfoma iliyoandikwa 12 hutoa 12 ikiwa imebeba mzigo. Ikiwa haina mzigo inaweza kupanda hadi 13 na nusu, na usiku, watu wakishazima vitu vyao, umeme wa nyumbani nao hupanda. Zidisha 13.5 kwa 1.414, toa 0.7 ya daiodi, unapata volti 18.4. TDA2030 ya kawaida mwisho wake ni 18. Mwenzake mwenye herufi A mwishoni anavumilia hadi 22. Mimi herufi niliiona, nikadhani ni ya mapambo.

Wakati tuko kwenye hesabu, tumalizane na lile neno P.M.P.O. lililoandikwa kwenye maboksi. Aisii hii, kwa volti 14 chanya na hasi na spika ya omu 4, hutoa wati 14 hivi. Ukifungua sabufa iliyoandikwa maelfu ya wati utakuta transfoma ya volti 12, ampea 2. Kumi na mbili mara mbili ni 24. Hakuna njia ambayo wati 24 zitaingia na maelfu yakatoka, hata uombewe.

Aisii ya pili ilikufa kwa sababu ya ubahili. Kwenye karatasi ya kiwanda, mguu wa kutolea sauti una rezista ya omu 1 na kapasita ndogo ya nanofaradi 220 zilizopangwa moja baada ya nyingine kwenda graundi. Nikajiuliza, hizi zinafanya nini? Hazipitishi muziki wala hazikuzi. Nikaziacha. Nikaacha pia zile kapasita ndogo za nanofaradi 100 karibu na miguu ya umeme, maana kapasita kubwa si zipo? Nilipowasha, kimya kabisa, hakuna mngurumo wala muziki, ila baada ya dakika moja aisii ilikuwa ya moto kiasi cha kuacha alama kidoleni. Ilikuwa inapiga kelele yenyewe kwa yenyewe kwenye masafa ya juu ambayo sikio halifiki. Zile rezista na kapasita huwekwa ili koki isitetemeke, na mpangilio huo una jina la Otto Zobel, Mmarekani aliyefanya kazi hizi kwenye mitambo ya simu miaka ya 1920. Kwa hiyo ukikuta amplifaya inayochemka bila kuimba, kabla hujasema feki, itafute hiyo omu 1. Mara nyingi imeungua ikawa nyeusi, au haikuwekwa kabisa.

Feki zipo, sikatai. Mjomba hufuta mgongo wa aisii kwa spiriti, namba zikitoka anairudisha dukani hapohapo. Lakini nimeona pia kwamba neno "feki" limekuwa kichaka chetu mafundi. Tukikosea tunaingia humo.

Sasa nifike kwenye spika ya watu.

Amplifaya ya tatu ilikubali. Ilikuwa na aisii mbili, kushoto na kulia, nimezifunga kwenye bamba la aluminiamu lililotoka kwenye fremu ya dirisha, yote ndani ya boksi la paini. Iliimba siku nne, safi. Wateja wa mjomba wakawa wanasimama. Basi kichwa kikavimba. Nikaona boksi la mbao ni la kishamba, nikatafuta boksi la bati la kompyuta iliyokufa, nikahamishia mashine humo. Bamba la aluminiamu nikalibana kwa skrubu moja kwa moja kwenye bati ili joto litoke vizuri. Fyuzi ilikuwa imeungua wiki ile, nikaweka unyuzi wa waya mahali pake. Nikaunga spika ya inchi kumi ya mteja aliyeileta ibadilishwe kava, ili nisikie besi. Nikawasha.

Spika ilisukuma koni mbele ikabaki hivyo hivyo, kama mtu aliyeshikwa pumzi. Halafu moshi. Yote haya hayakufika sekunde tano.

Kilichotokea ni hiki. Kile kibati cha mgongoni mwa TDA2030 chenye tundu la skrubu, ambacho sote tunadhani ni cha kupoozea tu, kwa ndani kimeunganishwa na mguu wa tatu, yaani umeme hasi. Kwenye boksi la mbao bamba langu la aluminiamu lilikuwa na volti 16 hasi siku zote nne, ila mbao haipitishi, kwa hiyo hakuna aliyejua. Kwenye boksi la bati, jeki za kuingizia sauti zilikuwa zimeshikiza graundi kwenye bati. Nilipobana bamba kwenye bati, niliunganisha umeme hasi na graundi kwa skrubu nene kabisa. Upande hasi ukaanguka, upande chanya ukabaki peke yake, na volti 16 za DC zikaenda kwenye spika. Koili ya spika ya omu 8 ukiipima kwa mita ni kama omu 6. Kumi na sita mara kumi na sita, gawa kwa sita, ni wati 42 za joto tupu kwenye waya mwembamba kama unywele, na koni imesimama haivuti hewa. Na kwa kuwa fyuzi ilikuwa ni unyuzi wa waya, hakukuwa na wa kusema basi.

Mjomba hakupiga kelele. Alitoa kipande cha mika, bushi moja ya plastiki ya skrubu na mafuta meupe ya joto, akaviweka mezani mbele yangu. Halafu akachukua mita, akaweka ncha moja kwenye kibati cha aisii na nyingine kwenye bati la boksi. Ikalia piii. "Ikilia usiwashe," akasema. Hilo tu. Mwenye spika alikuja jioni. Sitasimulia.

Kuanzia siku ile niliacha kuwasha na kuanza kupima. Ukiniuliza kitu kimoja cha kununua kabla ya aisii, nitakwambia balbu, ile ya zamani ya waya wa ndani, wati 60 au 100. Zimeanza kuwa adimu. Mjomba anazo tatu na anazificha kama dhahabu. Unaiunga kwa mfululizo na waya wa umeme unaokwenda kwenye amplifaya, ili umeme wote upite kwenye balbu kwanza. Kama mashine ni nzima, balbu inamulika mara moja kapasita zikijaa, halafu inafifia. Kama kuna shoti, balbu inabaki inawaka, na amplifaya haiungui, kwa sababu balbu ya wati 100 kwenye volti 230 haiwezi kupitisha zaidi ya ampea 0.43. Ningekuwa nayo siku ile, spika ya watu ingekuwa inaimba hadi leo. Balbu ya LED haifai kwa kazi hii, usijidanganye. Na ujue kwamba saketi yote hapo bado ina umeme wa kuua, kwa hiyo mikono iwe mbali.

Balbu ikishafifia, usiunge spika bado. Weka mita kwenye DC, pima kati ya mguu wa kutolea na graundi. Ikisoma milivolti chache, hata 50, sawa. Ikisoma volti 10, 15, ni ile koni iliyoshikwa pumzi inakusubiri. Kinachochosha ni kwamba kipimo hiki hakifiki hata nusu dakika, na hakuna anayekifanya.

Turudi kwenye mngurumo, maana hapo ndipo pesa nyingi zinapopotea.

Katikati ya likizo ile tulipanda Coaster kwenda Njombe, kilomita 60 hivi, kwa ajili ya amplifaya ya kwaya moja nje kidogo ya mji. Ilikuwa mwezi wa saba, ile baridi ya Njombe ambayo ukimsalimia mtu "kamwene" unaona neno likitoka na moshi. Mashine ilikuwa kubwa, kazi ya mikono ya fundi mwingine, na kusema kweli ilikuwa imeundwa vizuri. Lakini ilikuwa inanguruma kiasi kwamba mwimbaji wa sauti ya nne alikuwa hana kazi. Mafundi watatu walikuwa wameshapita. Wa kwanza kabadilisha transista, wa pili kabadilisha tena, wa tatu kaweka kapasita kubwa zaidi. Mngurumo haujasogea.

Mjomba hakufungua boksi. Kwanza alishusha volumu hadi mwisho. Mngurumo ukabaki vilevile. Maana yake hautoki kwenye maiki wala kwenye mikisa, uko baada ya volumu. Kama ungepungua pamoja na volumu, tungetafuta mbele, kwenye waya wa maiki. Halafu akaegemea akasikiliza. Umeme wetu unakwenda mara 50 kwa sekunde. Mngurumo wa 50 ni mzito, wa tumboni, na mara nyingi ni waya wa kuingizia sauti ulioachwa wazi, ganda lake limekatika. Mngurumo wa 100 una makali kidogo, unazizima kama nyuki kwenye mzinga, na huo hutoka baada ya daiodi, maana daiodi nne huzigeuza pande zote mbili za wimbi, 50 ikawa 100. Huu ulikuwa wa nyuki. Kwa kawaida hapo ni kapasita zilizokauka. Ampea 1 ikivutwa kwenye kapasita ya maikrofaradi 2,200, volti hupanda na kushuka kwa volti 4 na nusu mara 100 kila sekunde, na kapasita ikikauka ikabaki robo yake, simtanki linakuwa kikombe. Lakini hizi zilikuwa mpya.

Akafungua. Akawa anafuata waya mmoja mweusi kwa kidole, mwembamba, kutoka kwenye jeki ya kuingizia sauti. Ulikuwa umechomelewa kwenye graundi kati ya daiodi na kapasita. Akaukata, akaupeleka sentimita kumi mbele, upande wa pili wa kapasita, pale waya zote za graundi zilipokutana. Tukawasha. Kimya. Mwalimu wa kwaya akagonga maiki akidhani haijawashwa.

Njiani kurudi nilimwuliza. Akanionyesha njia panda ya Makambako tulipokuwa tunaingia. Akasema malori ya Zambia na bajaji zikipita barabara moja, bajaji inatikisika hata kama dereva wake ni mzuri. Kapasita hazijazwi polepole kama bomba. Hujazwa kwa mapigo mafupi makali, mara 100 kwa sekunde, na kila pigo lazima lirudi kwenye transfoma kupitia graundi. Hayo ndiyo malori. Ile sauti ndogo ya maiki nayo inahesabu volti zake kutoka kwenye graundi. Hiyo ndiyo bajaji.

Niliifanyia hesabu usiku ule. Chukua kipande cha waya chenye omu 0.01 tu, ambacho mita ya kawaida itakuambia ni sifuri. Pitisha pigo la ampea 2. Unapata milivolti 20. Si kitu, eti? Zidisha kwa 33. Ni volti 0.66 za mngurumo kwenye spika, usiku kucha, na hakuna aisii duniani utakayoibadilisha ikauondoa. Darasani tunachora graundi kama vijistari vitatu chini ya mchoro, tunaamini zote ni sehemu moja. Kwenye boksi si sehemu moja. Ni waya, na waya una njia, na kuna kitu kingine kinachopita humo.

Tangu hapo, kila mashine mbovu naiuliza swali moja kabla ya yote: umeme huu unarudi kwa njia ipi? Ile chaja ya laptopu ya jirani, kwa mfano. Chaja za aina ile huvujisha umeme mdogo sana kutoka upande wa TANESCO kuja upande wa laptopu, na umeme huo unatafuta pa kurudia. Laptopu ikiwa imeunganishwa na sabufa, njia iliyopo ni ganda la waya wa sauti. Unapita humo, na ule waya ndio sabufa inaotumia kuhesabia. Chomoa chaja, njia imekatika, kelele imekwisha. Ule mlio wa simu ni kisa kingine kidogo: simu ikiwa kwenye mtandao wa 2G hurusha mawimbi kwa vipande, mara 217 hivi kwa sekunde, waya wa sabufa unayadaka kama antena. Sogeza simu, basi.

Kuna amplifaya moja niliyokuja nayo hapa Dar, nikiwa na fahari zote. Huko Njombe ilikuwa inapiga kutwa. Hapa ilikuwa inaimba nyimbo tatu inakata, inapumzika, inarudi. Wenzangu wakaipa jina la mhadhiri fulani. Kumbe hewa ya kwetu ilikuwa inanibeba. Aisii hii kwenye spika ya omu 4 inaweza kumwaga wati 13 za joto. Bamba langu na mwili wa aisii vilikuwa vinapandisha nyuzi 8 kwa kila wati, yaani nyuzi 104 juu ya hewa iliyopo. Njombe, hewa ikiwa 10, unafika 114. Dar, hewa ikiwa 35 na boksi limefungwa, unakaribia 150, ambapo TDA2030 hujizima yenyewe kujiokoa. Niliongeza bamba, nikatoboa boksi juu na chini. Baridi ya kwetu ina ubaya wake pia, ukichomelea nje upepo unapoza solda kabla haijashika, inabaki na sura ya kijivu kama majivu, na mwezi mmoja baadaye sauti inakuja na kuondoka ukigonga boksi. Ukiona mtu anapiga redio kofi ili iimbe, ujue kuna solda ya namna hiyo ndani.

La mwisho sikupanga kuliandika, lakini naona tunavyounda vitu hosteli.

Wiki moja kabla ya kurudi chuo tulikuwa tunaandaa mashine ya kwenda msibani. Boksi la bati, waya wa plagi wa nyuzi mbili, maiki ya chuma. Nikashika maiki nikasema "wani, tuu". Sikufika tatu. Nilikuwa na kandambili zilizolowa, sakafu imetoka kudekiwa, na mdomo ulikuwa karibu na wavu wa maiki. Nilijikuta nimekaa chini na maiki iko mlangoni. Waya mmoja wa umeme mkubwa ulikuwa umebanwa na mfuniko wa boksi, plastiki yake imepasuka, bati lote likawa na volti 230, na kutoka kwenye bati kwenda kwenye maiki ni ganda la waya tu. Umeme ulikuwa unatafuta njia ya kurudi, na njia nilikuwa mimi. Kesho yake maiki ile ingeshikwa na wazee, mmoja baada ya mwingine, kwenye udongo.

Mjomba aliikata ile plagi akaitupa kwenye jiko. Sasa hapokei wala harudishi boksi la bati lisilo na waya wa nyuzi tatu, ule wa kijani na njano umefungwa kwa bolti yake yenyewe kwenye bati, na fyuzi ya kweli. Wateja wengine hununa, wanasema mbona kwa fulani hawadai hayo. Anawaacha waende. Na mkishafunga waya wa tatu, angalieni na soketi mnayochomeka, maana nimefungua soketi za geto zaidi ya moja nikakuta tundu la tatu lipo na nyuma yake hakuna waya wowote.

Sabufa ya jirani niliifungua Jumamosi. Kapasita mbili zimevimba juu kama andazi. Nimezibadilisha, mngurumo wa nyuki umeisha. Ule wa chaja bado upo, na nimemweleza njia inayopita. Amesikiliza mpaka mwisho, akasema atakuwa anachomoa chaja.